Chumvi Isiyozidi Machozi

Kitabu chenyewe hakina jalada. La mbele lilibanduka zamani, na la nyuma lilifungiwa sukari guru na mtu ambaye ukoo mzima unamjua ila hakuna anayekubali kumtaja. Kimeshonwa upya kwa uzi wa gunia, kona zake zimejiviringa, na ukikifungua harufu ya kwanza inayokupokea ni ya mafuta ya taa. Kwa atakayeuliza, kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Mama yangu hakuwahi kukiita hivyo. Kwake kilikuwa "daktari" tu: "Hebu niletee daktari, yupo juu ya kabati."

Nilikikuta tena mbali sana na kabati lile. Nina ugonjwa wa kuchungulia rafu za vitabu za watu nisiowajua, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizichungulia kwa hamu rafu za Wamarekani wanaojiandaa kwa siku mbaya. Ni watu wenye mapipa ya maji kwenye gereji, mchele na maharage kwenye ndoo zilizozibwa zisipitishe hewa, mbegu, betri, mishumaa. Kila mmoja ana kiama chake. Yupo anayengoja umeme ukatike usirudi, yupo anayengoja dola igeuke karatasi, yupo wa bomu la nyuklia, na tangu 2020 wameongezeka wanaongoja ugonjwa mwingine kama korona. Hofu zao hazifanani, lakini vitabu wanasoma karibu vilevile.

Wanasoma mwongozo wa John Wiseman, askari wa zamani wa kikosi maalumu cha Uingereza, uliotoka 1986, unaofundisha kuwasha moto penye unyevu na kutega sungura. Wanasoma kitabu kikubwa cha John Seymour cha 1976, ambacho kwa michoro ya kupendeza mno kinakuonyesha namna ya kuigawa ekari moja itoshe ng'ombe, nguruwe na bustani ya mboga. (Kwa aliyepanga chumba na sebule Tandika, hicho kinasomeka kama hadithi ya Alfu Lela.) Wanasoma Foxfire, vitabu vilivyozaliwa pale wanafunzi wa sekondari moja katika milima ya Georgia walipotumwa, kuanzia 1966, wakawahoji wazee namna ya kujenga nyumba ya magogo, kuchinja nguruwe, kutengeneza sabuni. Na katikati ya hivyo vyote, kwenye rafu ya mtu aliyekuwa na chakula cha mwaka mzima chini ya ngazi, nikamwona daktari wa mama, kwa Kiingereza. Where There Is No Doctor. Kina jalada, kimenyooka, hakijawahi kulala juu ya kabati lenye kibatari.

Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya mwenye gereji. David Werner, aliyekiandika na kukichora, hakuwa hata daktari. Alisomea baiolojia, akafundisha shule California, na katika miaka ya 1960 akaingia kwenye milima ya Sierra Madre, magharibi mwa Mexico, akakuta vijiji ambavyo mgonjwa alibebwa mgongoni mwa punda siku nzima na zaidi kabla ya kumwona mganga wa hospitali. Akabaki. Katika kijiji cha Ajoya, yeye na wanakijiji wakaanza kuandika kwa Kihispania maelezo ambayo mkulima aliyeishia darasa la tatu angeweza kuyafuata. Mchoro usipoeleweka, unachorwa tena. Neno la kitabibu lisipokuwa na mwenyewe kijijini, linaondolewa, linawekwa la kijijini. Tafsiri ya Kiingereza ikatoka 1977, na leo kitabu kinasomeka kwa lugha zaidi ya 80. Ruhusa ya kunakili sehemu zake iliwekwa wazi tangu mwanzo, mradi usifanye biashara.

Ninachotaka kukisema kinaanzia hapo, nacho hakinipi raha kukisema kwa sababu nawapenda hawa watu wa ndoo na mapipa. Wanasoma kwa bidii ambayo sijaiona kwa wasomaji wengi wa riwaya. Ila kitabu cha watu ambao daktari hajawahi kuwafikia wamekihifadhi wao ambao daktari wao bado yupo, umbali wa dakika kumi kwa gari, kwa kuhofia kwamba ipo siku ataondoka. Mama alikisoma akiwa na mtoto mgonjwa mapajani. Mwenye gereji anakisoma akiwa na ndoo imefungwa. Maandishi ni yaleyale, lakini sina hakika kwamba wamesoma kitu kimoja.

Nisiwaonee. Baadhi ya vitabu vyao vimetokana na mikono iliyochafuka kweli. Carla Emery alikuwa mama wa shamba kule Idaho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitangaza kwamba anauza kitabu cha mapishi na kazi za kizamani, wakati alikuwa hajaandika hata sura. Watu wakatuma pesa. Ikambidi aandike, na akawa anakidurufu sebuleni kwake sura baada ya sura na kuwapelekea wanunuzi vipande kwa posta, huku akinyonyesha na kukamua ng'ombe. Mtu aliyewahi kuona mwalimu mkuu akidurufu mitihani, wino hadi kwenye viwiko, ataielewa sebule ile. Yupo pia Cresson Kearny wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee. Kitabu chake cha 1979 kinahusu kunusurika vita vya nyuklia, na ndani yake mna kifaa cha kupimia mionzi unachojitengenezea kwa kopo, karatasi ya alumini na uzi. Kinachonivutia kwa Kearny ni namna walivyoyajaribu maelekezo yake: walichukua familia za kawaida, wakazipa karatasi na majembe, wakakaa pembeni kuangalia kama zitaweza kujichimbia handaki bila kuelekezwa kwa mdomo. Pale familia ilipokwama, kosa lilihesabiwa la mwandishi. Natamani wanaoandika maelezo kwenye paketi za viuatilifu wangelazimishwa kupita mtihani huo.

Kwetu, neno la jambo hili ni kujitegemea, na kwa watu wa rika langu halitoki kinywani bila kuja na mwangwi wa redio. Azimio la Arusha lilipitishwa Februari 1967. Machi mwaka huohuo ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Shuleni tulilima bustani kwa jina hilo, tukachapwa kwa jina hilo. Ni baadaye sana nilipoanza kulichungulia neno lenyewe. Kutegemea ni ndugu wa kuegemea: kuna mtu, na kuna kitu alichokilalia ubavu. Sasa jaribu kujiegemea mwenyewe uone utakavyoanguka. Hiyo -ji- ya katikati haina hesabu yake. Inafuata nafsi iliyotangulia. Ukisema najitegemea, ni wewe na ndoo zako. Ukisema tunajitegemea, hapo sisi kwa sisi tunaegemeana, na chungu kinakaa kwenye mafiga. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema tu-. Wasomaji wa Seymour na Wiseman, nijuavyo mimi, wanasema na-.

Mama alikuwa wa tu-. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakaingia kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mwembe, redio ya mbao iliyofunikwa kitambaa kama bibi harusi, na vitabu viwili vyembamba ambavyo kiongozi wa kikundi alisoma kwa sauti kwa kuwa wengi wa waliokaa kwenye mikeka hawakujua kusoma. Kwa wiki 12 walizungumzia malaria, kichocho, kuhara damu, minyoo, maji. Kipindi kikiisha redio inazimwa, mjadala unaanza, na mjadala ukiisha wanainuka kwenda kufanya. Nyasi zinafyekwa, choo kinachimbwa. Wiki moja walichimba cha mzee mmoja mkaidi, mwenyewe akiwa amekaa kwenye kigoda anawaambia baba yake alifika miaka tisini akienda porini. Choo kile alikitumia, ila usiku tu, asionekane.

Hapo kusoma kulikuwa kazi ya mikono ya wengi. Herufi anazijua mmoja. Kisima kilipo anakijua mwingine. Wa tatu anajua nani amegombana na nani, kwa hiyo nani asipewe kamba ya kushika. Miaka kadhaa baadaye Mahali Pasipo na Daktari kilipoingia nyumbani kwetu, mama alikisoma kwa mtindo huohuo, kwa sauti, mlango wazi.

Lakini nisije nikajenga mnara wa zamani. Kando ya ziwa, upande wa Musoma nilikokulia, ugali ni wa udaga, na udaga una elimu yake ambayo haikungoja kitabu. Muhogo mchungu una sumu. Unaumenya, unauvundika siku kadhaa hadi uote ukungu na kulainika, unaukwangua, unauanika hadi ukauke kabisa, ndipo unatwangwa. Kila msichana aliyajua hayo kabla hajajua kusuka. Mwaka 1985, jirani zetu wa Tarime walikuwa wametoka kwenye ukame. Muhogo mchungu, ambao hustahimili ukame, ndio ulikuwa umesalia shambani. Madaktari wakaanza kuona kitu kisichofahamika huku: watu, wengi wakiwa wanawake na watoto, wanalala wazima na kuamka miguu imekakamaa, hawawezi kutembea, au wanatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayenyata. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina la Kiyaka la kule Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Miaka minne kabla, kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamepatwa na hali hiyohiyo, na daktari wa Kisweden, Hans Rosling, alikuwa miongoni mwa waliohangaika kutafuta chanzo chake.

Chanzo kilikuwa siku. Njaa ilikuwa imezila siku za kuvundika na kuanika. Muhogo uliotakiwa kungoja ulipikwa ukiwa haujatoa sumu yake, na mwili usio na maharage, samaki wala maziwa haukuwa na cha kuivunjia sumu ile. Wale kina mama walijua kila hatua. Wangeweza kumfundisha Wiseman. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni chakula cha siku nne za kungojea chakula.

Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa mbele ya rafu za watu wa kujiandaa, na ninakiri kwamba hapo ndoo zao zinanishinda hoja. Ndoo ya mchele inanunua siku nne. Kihenge cha bibi kilikuwa kinanunua siku nne, na michembe ya Wasukuma, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, imenunua misimu mizima. Maarifa bila akiba ni kujua njia bila miguu. Nilikuwa nimeanza kuandika makala ya kuwacheka kidogo. Nikaishia kununua ndoo.

Akiba haiozi, wanasema. Ya nafaka sawa, ukiipulizia dawa na dumuzi asiikute. Ya vitabu inaoza kabisa, tena bila kunuka. Katika miaka ambayo kitabu cha mama kilichapwa, dawa ya malaria ilikuwa klorokwini, na ilitosha. Tulikua nayo, na ule muwasho wake wa mwili mzima ambao dada yangu aliukimbia kwa kutema vidonge chini ya kitanda. Vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza, ikaingiza SP. Haikupita miaka mingi, mwisho wa 2006, nayo ikapisha dawa mseto. Kwa hiyo ule ukurasa uliowaokoa wadogo zangu leo ungeweza kumzika mtoto, kwa herufi zilezile na mchoro uleule wa mama anayetabasamu. Niliporithi kitabu nilichukua kalamu nyekundu nikaupiga mkasi. Wachapishaji wa asili kule California wamekuwa wakikirekebisha toleo hadi toleo. Lakini aliyeweka nakala yake kwenye sanduku la bati asubiri kiama, amewekea klorokwini.

Kuna ukurasa mmoja nisiougusa. Ni wa maji ya mtoto anayeharisha. Vipimo vyake navyo vimebadilika toka toleo hadi toleo. Siku hizi tunaambiwa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Lakini Werner na wenzake walijua kwamba kijiko cha nyumba hii si kijiko cha nyumba ile, na kwamba aliyekunywa maji yenye chumvi nyingi atazidi kukauka. Kwa hiyo wakaongeza kipimo kisichouzwa dukani: onja kwanza, chumvi isizidi ile ya machozi. Pembeni mama aliandika kwa penseli idadi ya vijiko kwa kutumia kijiko chake mwenyewe, kile chenye mpini uliopinda.

Mdogo wangu anaishi Göteborg. Mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2024, serikali ya Sweden ilituma kijitabu kwa kila nyumba kikieleza la kufanya iwapo itatokea vita au msukosuko: weka maji, weka chakula, weka redio ya betri, tafuta namna ya kupata joto umeme ukikatika. Alinipigia akicheka hadi akapaliwa. "Kaka, wanatufundisha kujaza maji kwenye madumu!" Nikamuuliza yeye kama ameyajaza. Kimya. "Sijayajaza," akasema. "Huku maji hayakatiki." Nikamwambia asome kijitabu chake kwa adabu. Nimeona nakala yake: ni chepesi na kimeandikwa kwa lugha ya kueleweka, na kwa mshangao wangu kinasema tu-. Mwenye nguvu amsaidie asiye nazo. Wasweden walianza kuwagawia raia kijitabu cha namna hiyo mwaka 1943, vita vikiwa mlangoni, na nadhani hawakuhitaji mwembe wala redio iliyofunikwa kitambaa kujua kwamba mtu mwenye ndoo kumi katikati ya jengo la watu wenye kiu hana ndoo hata moja.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Dar es Salaam simu zikabaki zinazungusha kile kiduara. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, kama mtu ambaye kiama chake kimekuja kikiwa kidogo na cha bei nafuu. Usiku, bibi wa chumba cha nne akagonga. Mjukuu wake alikuwa anaharisha tangu alasiri, na mama wa mtoto, aliyezoea kuuliza kila kitu kwenye simu, alikuwa amekaa anaitikisa kama redio yenye betri chovu.

Nikamwamkia, nikatoa kitabu, nikaanza kusoma kwa sauti ya mtu mwenye ndoo.

"Hayo nayajua, mwanangu," akanikatiza. "Nimelea tisa. Nataka kipimo tu. Vijiko vya siku hizi sivielewi."

Nikamsomea kipimo, kisha nikamsomea la machozi. Akafikiri.

"Ya mtoto au ya mtu mzima?"

Sikuwa na jibu, na kitabu hakikuwa nalo. Akakoroga, akaonja, akaongeza maji kidogo, akaonja tena macho ameyafumba, kisha akaanza kumnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja, akisimama kila mtoto akitapika na kuanza upya baada ya muda. Mama mtu akapewa kijiko saa nane usiku. Alfajiri walimpeleka kituo cha afya kwa bajaji, wakarudi na paketi za unga wa kuchanganya na vidonge vya zinki, mtoto akiwa anamkasirikia kila mtu, jambo ambalo bibi alilipokea kama zawadi.

Siku ya tatu intaneti ilikuwa imeanza kurudi. Bibi akaja kuniomba kitabu, siku mbili tu. Nikahakikisha mkasi mwekundu bado unaonekana kwenye ukurasa wa klorokwini, nikampa. Siku mbili zikawa mwezi. Nilipouliza, kilikuwa kwa binti yake Kigogo. Nilipouliza tena, kilikuwa kimepelekwa Mbagala kwa mtu aliyejifungua. Ndugu zangu wananilaumu kwamba nimepoteza kitu cha mama. Juzi shemeji wa bibi aliniambia amekiona, kimeshonwa tena, safari hii kwa uzi wa nailoni, na kwamba pembeni mwa ukurasa wa kuhara, chini ya penseli ya mama, kuna mwandiko wa kalamu ya buluu. Sikumuuliza unasema nini, naye hakuusoma.